Njia ya Kiboko Ilipofungwa

Mume wangu ndiye aliyenihimiza niende Matiri mwaka ule. Mama yangu mzazi alikuwa ameteleza kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia sisi Wamatengo kwenye mitelemko, akavunjika mkono. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, na ndugu zangu wa kiume wote wako mbali. Kwa kawaida mume wangu hakupenda niondoke nyumbani. Nikitaja safari ya kwenda kwetu, atakumbuka wavu uliochanika, au mpunga ambao haujavunwa, au atanyamaza tu mpaka niahirishe. Safari hii hakuwa na neno. Alinifungia usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani kwetu, kwenye kiroba kwa ajili ya mama, akakibeba mwenyewe mpaka barabarani, akasimama pale hadi gari lilipokuja.

"Usiharakishe kurudi," aliniambia. "Kaa mpaka kahawa yote ianikwe. Mama ni mmoja."

Nilifurahi. Gari lilipoanza kupanda milima nilimsifu moyoni, na nilipofika Mbinga mjini nikampigia simu dada yangu kumwambia kwamba umri unambadilisha mwanaume kuwa mwema.

Kwetu ni Matiri, lakini nimeolewa ziwani, upande wa Lipingo. Nilipokuja kuolewa nilikuwa sijawahi kumwona kiboko. Baba yangu hakuifurahia ndoa ile. Alisema nimeacha kahawa nikaenda kula samaki, na nimeacha kanisa letu nikaenda kwa Waanglikana. Nililia, kisha nikaenda. Nyumba tuliyopewa na wakwe ilikuwa ya mwisho kabla ya mto kuingia ziwani. Chini ya bustani yetu yalianza matete, mapana na marefu kuliko mtu, na katikati yake kulikuwa na mikuyu mikubwa. Ndani humo viboko walilala mchana. Jioni walitoka kwenda kula majani bondeni, ng'ambo ya barabara, na kabla jua halijapanda walikuwa wamerudi. Walikuwa na njia yao moja, iliyochimbika kwa miguu yao kama mtaro, nayo ilipita pembeni kabisa ya matete bila kugusa uwanja wa mtu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenionyesha njia ile, wiki ya kwanza ya ndoa yangu. Alinishika mkono kama mtoto akanipeleka hadi ukingoni.

"Huyu hapa kwetu anaitwa mvuu," alisema. "Njia yake ni hii. Ukimwachia, hutamwona. Mimi nimezaa watoto wote hapa na sijawahi kufukuzana naye."

Nilimwamini, na kwa miaka mingi ikawa hivyo. Usiku tuliwasikia wakikoroma, na watoto wangu walilala kwa sauti ile kama watoto wa kwetu wanavyolala kwa sauti ya mvua. Mboga zangu hazikuguswa. Nilikuwa na cherehani yangu barazani, na nikiwa nashona nilisikia ndege wa matete siku nzima.

Kuna kipindi walianza kuja watu kutafuta viwanja vya ufukweni. Mmoja wao aliyataka matete yetu, ayafyeke ajenge nyumba za wageni. Ukoo ulikutana uwanjani kwa mama mkwe. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye mkuu wa ukoo tangu baba yao afariki, naye alionekana kuvutika. Mume wangu akasimama. Si msemaji, lakini siku ile aliongea. Alisema matete yale yanazuia mto usile viwanja vyetu, kwamba samaki wanazaliana humo, na kwamba wanyama wakikosa pa kulala watakuja kulala kwetu. Alisema yeye akiwa hai matete hayataguswa. Wazee wakaitikia. Mama mkwe alifuta machozi kwa pembe ya kanga. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wenzangu, na nakiri kwamba siku ile nilimpenda mume wangu upya.

Kwa hiyo nilipokuwa Matiri sikuwa na wasiwasi wowote. Asubuhi nilichuma kahawa, mchana nikaimenya na kuiosha, jioni nikamkanda mama mkono na kumpikia. Mume wangu alinipigia simu mara kwa mara. Siku moja, tukiwa tunaongea, nilisikia mngurumo nyuma yake, unapanda na kushuka.

"Hiyo nini?" nikamuuliza.

"Mashine ya kusaga," alisema. "Wameleta injini mpya. Inapiga kelele hiyo, mpaka tunaumwa vichwa."

Nikacheka, nikamwambia angalau sasa hatutapanga foleni ya unga. Akacheka na yeye. Nimeukumbuka mara nyingi ule mcheko wake. Haukuwa na dosari.

Nilirudi kahawa ilipokauka. Kutoka Mbamba Bay nilichukua bodaboda, na tulipokaribia nyumbani niliona ziwa kutoka mahali ambapo halikuwahi kuonekana. Nilidhani dereva amepotea njia. Nikamwambia, "Kijana, umepita." Akasema, "Sijapita, mama. Nyumba yako si ile pale?" Ilikuwa ile pale, imetolewa nyasi na kuezekwa bati jipya linalometameta, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Matete yalikuwa yamefyekwa na kuchomwa. Mikuyu ilikuwa imelala chini, imekatwa kwa msumeno wa injini, mingine imeshapasuliwa mbao. Mawe ya mipaka yalikuwa yamesimikwa katikati ya majivu, na nguzo za uzio zilianzia mtoni mpaka karibu na bustani yangu. Ile njia iliyochimbika kama mtaro ilikuwa imefukiwa kwa vifusi.

Hapo ndipo nilipoijua ile mashine ya kusaga.

Mume wangu alitoka ndani akanipokea mzigo. Hakunitazama usoni.

"Nilitaka kukuambia ukisharudi," alisema.

"Ukoo umekaa lini?"

"Tulikaa mimi na kaka. Mambo yalikwenda haraka. Yule mtu angenunua kwingine."

"Na mama?"

"Mama anajua. Mama ameridhika."

Nilitazama kwa mama mkwe, ng'ambo ya uwanja. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, ameupa mgongo upande wa ziwa. Nilikwenda nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba kwa mbali, akauliza hali ya mama yangu, kisha akaingia ndani. Nilidhani ni huzuni. Nilidhani tuna huzuni moja, mimi na yeye, na kwamba ataniambia akiwa tayari. Lakini siku zikapita na hakuniambia kitu. Aliacha kunitumia watoto wa jirani na bakuli la samaki wa mbasa kama zamani. Nikimpelekea ugali aliupokea, lakini hakunikaribisha kukaa. Nilijiuliza nimemkosea nini, nikamuuliza mume wangu. Alisema, "Uzee huo. Mwache."

Wanyama walianza kuja kabla ya mvua za kwanza. Kwanza kenge, waliokuwa wakiishi kwenye mizizi ya mikuyu. Walihamia chini ya choo chetu na chini ya ghala, wakamaliza vifaranga. Kisha nyani. Zamani nyani walikaa juu ya mikuyu wakila kuyu, na tuliwaona kwa mbali tu. Sasa walikuja juu ya bati jipya wakati tuko kanisani, wakatoboa dari, wakaingia jikoni. Siku moja nilirudi kutoka ibadani nikamkuta mmoja amekaa kwenye kiti cha cherehani, ameshika kitambaa cha sare ya kwaya nilichokuwa nakishona, anakinusa. Hakukimbia. Alinitazama, akaondoka taratibu kama mgeni aliyechoka kusubiri. Jirani yangu aliponiona nimesimama pale akaniambia, "Mzoee. Sasa mnakaa wote."

Halafu akaja kiboko. Wengi walikuwa wamehama kwenda sijui wapi, lakini dume mmoja mkubwa alibaki. Mchana alizama majini mbele ya ule uzio, jioni akatoka. Njia yake ilikuwa imefungwa, naye aliufuata uzio mpaka ulipoishia, na ulipoishia ni kwetu. Alipita kati ya nyumba na jiko. Asubuhi tulikuta alama za miguu yake, na bustani yangu ya mboga ikiwa imelala kama imepitiwa na trekta.

Nilimwona kwa macho yangu alfajiri moja, nikiwa nimefungua mlango kwenda kuwasha moto. Alikuwa anarudi kutoka malishoni. Alisimama uwanjani, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu yake, harufu ya tope na majani yaliyotafunwa. Mgongoni alikuwa na jeraha refu, bichi, nadhani la waya wa uzio. Alikuwa anatazama kule yalikokuwa matete. Alivuta pumzi, akageuka, akapita kwenye tuta langu la viazi, akashuka majini. Nilirudi ndani. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani.

"Amepita?" aliuliza.

"Amepita," nikasema.

"Huyu atatuua."

Nilikuwa namwogopa kiboko kama yeye alivyomwogopa, lakini hasira yangu haikuwa kwa kiboko.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Alikuja bwana nyama, afisa wa wanyamapori, kutoka wilayani, kijana mwenye heshima, akatusikiliza. Watu walilalamika kuhusu mihogo, mpunga, mitumbwi iliyopinduliwa. Mume wangu akasimama. Alizungumza kwa sauti ileile aliyoitumia siku ya ukoo, akinyoosha mkono uleule, akitulia palepale alipotulia siku ile. Alisema wanyama wamevamia makazi ya watu. Alisema sisi tunaokaa mwisho wa kijiji hatulali, kwamba ana mama mzee na mke, na kwamba serikali imwondoe mnyama huyo kabla hajaua. Watu wakapiga makofi.

Sijui kilichonisimamisha. Nilinyoosha mkono, mwenyekiti akanipa nafasi.

"Mimi nauliza tu," nikasema. "Zamani alikuwa anapita wapi?"

Shemeji yangu alitazama viatu vyake. Bwana nyama akauliza, "Kweli, alikuwa anapita wapi?" Mwenyekiti akasema hilo ni suala la ardhi, lina mahali pake, leo tunajadili usalama. Tukaendelea na usalama. Tulipofika nyumbani mume wangu aliniambia nimemwaibisha mbele ya watu. Nilimwambia sikutaja jina la mtu.

Bwana nyama alituonya tusimfukuze kiboko wala kumrushia mawe. Alisema wataleta wataalamu waangalie namna ya kumhamishia mbali. Labda wangekuja. Vijana wa kijiji hawakusubiri. Asubuhi moja, jua limeshachomoza, walimkuta amechelewa bondeni kwenye shamba la mpunga. Wakamfukuza kwa madebe, mawe na mbwa. Kiboko akikimbizwa hukimbilia maji, na maji yalikuwa ng'ambo ya uwanja wetu.

Mama mkwe alikuwa anatandaza usipa kwenye chanja nje ya nyumba yake. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nilisikia madebe, nikainua kichwa, nikamwona kiboko anakuja kwa kasi ambayo siwezi kuieleza, mdomo wazi. Nilimwita, "Mama, ingia ndani." Aligeuka. Hakuwa na haraka, nadhani aliamini bado kwamba mnyama yule atafuata njia yake. Kiboko hakumng'ata. Alimpiga kwa ubavu akipita, yeye na chanja na usipa wote, akaenda zake majini. Mama mkwe aliangukia mguu, ukavunjika juu ya goti.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa gari la mfanyabiashara wa samaki. Nilikaa naye. Mume wangu alikuja siku ya kwanza, akasimama miguuni pa kitanda, akasema pole, akaondoka akisema anakwenda kufuatilia kwa bwana nyama. Nilimwosha mama mkwe, nikamgeuza, nikamlisha uji. Alikubali kila kitu kama mtu anavyokubali kwa muuguzi asiyemjua. Alinishukuru kwa maneno machache, kisha akaangalia ukutani.

Siku chache baadaye akaja wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ameleta chakula kwenye chombo cha kutunza joto. Alikuwa na furaha. Alisema bwana nyama na wenzake wamekuja na bunduki, yule mnyama ameshapigwa, kijiji kizima kimepata nyama, watu walikuwa wakicheza ufukweni kama siku ya harusi. Akafungua chombo, harufu ya nyama ile ikajaa wodi.

Mama mkwe alikitazama kile chakula. Akakisukuma taratibu kwa nyuma ya kiganja mpaka kikafika upande wangu.

"Kula wewe," aliniambia. "Si ndiyo ulichotaka?"

Nilidhani maumivu yamemchanganya. "Mama, mimi nilitaka nini?"

"Usinifanye mtoto," alisema. "Mwanangu aliniambia yote. Kwamba wewe ndiye uliyesema matete yauzwe. Kwamba umechoka kulala kwenye nyumba ya nyasi, unataka bati, na kwamba usipopata utabaki kwenu Matiri na kahawa yenu. Aliniomba nikubali ili asipoteze mke. Nikakubali. Niliyatoa matete ya baba yao kwa sababu yako. Na hukuja hata kuniambia asante, wala samahani."

Wifi yangu alikuwa ameshika kifuniko cha chombo, amekisahau mkononi. Nilimtazama. Niliona kwamba yeye pia alikuwa ameambiwa hivyo. Wote walikuwa wameambiwa hivyo. Ghafla nilielewa kwa nini bakuli la mbasa halikuja tena, kwa nini wanawake wenzangu wa ukoo walikaa mbali nami kanisani, kwa nini hakuna aliyeniuliza chochote niliporudi. Wakati mimi nachuma kahawa na kumsifu kwa dada yangu, alikuwa ameniweka mimi mbele ya mashoka.

Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti sakafuni, pale kati ya vitanda.

"Mama," nikasema, "mimi nilijua siku niliyorudi. Niliona kutoka kwenye bodaboda. Aliniambia wewe umeridhika."

Alinitazama muda mrefu. Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kuongea. Kisha akamwambia wifi yangu, "Funga hicho chombo ukitoe humu." Wifi alipotoka, mama mkwe aliweka mkono wake kichwani pangu, akauacha hapo. Nilisikia mkono ule unazidi kuwa mzito, na sikujua kama ni mguu unaouma au ni mwanawe.

Nilirudi nyumbani kesho yake kuchukua nguo. Mume wangu alikuwa anatengeneza wavu chini ya baraza. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani, nikamwambia nilichosikia. Hakukana. Aliendelea kufunga fundo alilokuwa amelianza, akalikaza, ndipo akaongea.

"Nilijua utakataa," alisema.

"Ndiyo maana ukanipeleka Matiri?"

"Mama yako alikuwa mgonjwa kweli."

"Sikuuliza hilo."

"Ndiyo," akasema.

"Na kwa nini ulinisingizia?"

Hapo aliinua macho. Sijawahi kumwona akiwa mkweli kama alivyokuwa dakika ile, na ukweli wake ndio ulioniumiza kuliko uongo wote. "Mama angenilaani mimi," alisema. "Mimi ni mtoto wake, laana yake ingenishika. Wewe umetoka mlimani. Nilijua atakukasirikia, kisha yataisha."

Sikulia mbele yake. Nilikusanya kanga za mama mkwe na sahani na sabuni. Mlangoni nilimwuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa. Nilimwuliza kama yale aliyosema kwenye kikao cha ukoo, kuhusu samaki na mto na wanyama, aliyaamini alipoyasema.

"Niliyaamini," alisema. "Hata sasa nayaamini."

Ningeona afadhali kama angesema alidanganya.

Mama mkwe alipotolewa hospitali hakuweza kukaa peke yake, nami nikahamia kwake kumuuguza. Ni hatua chache tu kuvuka uwanja. Nilihamisha cherehani, nguo zangu, na picha za watoto, ambao walikuwa wameshakwenda kusoma na kufanya kazi Songea. Mguu wake ulichukua muda mrefu kuunga. Jioni alinisimulia mambo ya zamani, ya ujana wake, ya mumewe, na siku moja alinisimulia jinsi alivyokasirika nilipoolewa, kwa sababu alitaka mwanawe aoe msichana wa ziwani. Tulicheka wote wawili. Alianza kutembea kwa mkongojo, kisha bila mkongojo, huku akichechemea. Mguu ulipopona, mimi sikurudi ng'ambo. Hakuna aliyetangaza kitu. Hatukwenda kwa mchungaji, hatukwenda kwa wazee. Nilipika chungu kimoja na nikampelekea mume wangu chakula chake, naye alirudisha vyombo vimeoshwa.

Kuhusu mwanawe, mama mkwe hakumlaani. Alimwita siku moja, mimi nikiwepo, akamwambia, "Mke wako umemkosea na mimi umenikosea. Mimi nimekuzaa, nitasamehe, sina njia nyingine. Huyu hakukuzaa." Mume wangu aliinamisha kichwa. Shemeji yangu hakuja kabisa. Alikuwa na nyumba mpya kule juu, mbali na maji, ambako hakuna mnyama anayefika.

Nyumba za wageni zimesimama nusu. Yule mtu alijenga kuta, kisha mto ukafurika masika yale na kula kipande cha kiwanja chake pamoja na kipande cha bustani yangu. Sasa anasema eneo lina matatizo. Kenge wamehamia kwenye kuta zile. Nyani wako kila mahali, wanajua siku za ibadani kuliko baadhi ya waumini. Viboko wengine wamerudi, jike na mtoto, na wanapita uwanjani kwetu kwa kujificha. Mama mkwe amekataza watu kupiga madebe upande wetu. Tunafunga milango mapema, tunasubiri wapite. Sisemi tumezoea.

Mwaka huu limeanza neno jipya, kwamba msitu ulio juu ya kijiji, ule unaoshikilia chemchemi, unatakiwa ugawanywe mashamba. Jioni moja mume wangu alivuka uwanja, akapiga hodi, jambo ambalo mtu hafanyi nyumbani kwa mama yake. Nilimkaribisha. Alimwamkia mama yake, akakaa kwenye kigoda, akashika magoti.

"Wanataka kuugawa msitu," aliniambia. "Mkutano ni kesho. Nimekuja kukuuliza, wewe unaonaje?"

Nilikuwa nakata kitambaa. Niliweka mkasi chini.

"Sijui kama unaniuliza au unanipa taarifa tu," nikamwambia.

"Nakuuliza."

Nilimtazama. Amezeeka. Mvi zimeanzia kwenye ndevu, na viganja vimepasuka kwa maji na kamba. Ni mwanaume yuleyule aliyebeba kiroba cha usipa mpaka barabarani, na sura ni ileile aliyokuwa nayo siku hiyo, sura njema, tulivu. Nilitaka sana kumwamini. Nilijaribu, kama mtu anavyojaribu mguu uliovunjika, kuuwekea uzito kidogo kuona kama utanibeba. Haukunibeba.

"Naona usiguswe," nilisema. "Lakini usinisemee. Nitakuja mwenyewe."

Kesho yake nilivaa gauni langu la kanisani, mama mkwe akavaa kanga yake mpya, tukapanda taratibu mpaka ofisi ya kijiji kwa sababu ya mguu wake. Wanaume walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya mbele. Mume wangu alikuwa hapo, akatusogezea nafasi. Hatukwenda upande wake. Tulitafuta benchi jingine, mbele vilevile, na mwenyekiti alipouliza nani ana la kusema, nilikuwa nimeshasimama.